Mbuzi, Kofia na Mizani Iliyopungua

Kile kitabu cha watoto, cha picha na mashairi, nilikinunua duka la vitabu la Mlandege. Kurasa kumi na mbili. Nilizihesabu dukani, nikazihesabu tena nyumbani, maana kurasa nazo hutoroka njiani. Binti yangu alikuwa katimiza miaka saba, nami nikitaka aingie skuli. Mama yangu hataki. Chuo cha Kurani kinamtosha, na nyumbani kwetu neno la Mama halikuwa na rufaa.

Basi nikamtajia bei.

"Mama, nakusomea kitabu hiki. Kikikuchekesha, mtoto anakwenda skuli. Kisipokuchekesha, sitaji tena."

"Cha skuli kinichekeshe mimi? Haya, lete!"

Kabla sijakaa, keshakifungua kutoka kulia, kama alivyozoea kufungua msahafu. Akakutana na picha ya mwisho kwanza: mbuzi anachapwa bakora. Akarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, uso umemkunjamana.

"Hadithi gani hii? Mbuzi kapigwa kwanza, ndiyo akaenda kukosa! Kaandika nani, hakimu?"

Nikaona biashara inaharibika. Nikakigeuza upesi, nikaanza mwanzo:

Mwenyewe kajilalia,
mbuzi kala kofia.

Kumbe Mama anahesabu silabi kwa pingili za vidole. Kwake yeye, shairi lisilotimia mizani ni maneno tu.

"Mstari wa kwanza nane. Wa pili saba. Umepunjwa, baba."

Nikahesabu. Nikarudia. Saba! Mimi, ambaye hata muuza dagaa haniwezi!

Binti yangu akainamia picha, akaweka kidole pembeni, ambako mimi sikupatazama hata mara moja. "Bibi, mbona na mkeka kaula?"

Kweli! Nusu ya mkeka haipo, na ukili wake unaning'inia mdomoni mwa mbuzi. Mama akaruka. "Ndiyo hiyo! *Mbuzi kala na kofia!* Kaanza mkeka, kofia kashushia!"

Nane kamili. Alichokisahau mtunzi, mchoraji kakiweka, na aliyekiona ni mtoto asiyejua herufi hata moja ya kitabu hicho. Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Huyu ana macho," akasema akipangusa machozi. "Asubuhi skuli, alasiri chuo. Na kitabu kinabaki kwangu."

Nikakubali kabla hajavuta pumzi, naye keshamwita mke wangu waende wakamtafutie mtoto kitambaa cha gauni.