Majani ya Nyuma ya Choo

Kila ninaposaga majani hapa maabarani na kuyamiminia spiriti, harufu yake chungu hunirudisha jikoni kwa nyanya, tuliyemwita Dani, kijijini Usenge.

Mdogo wangu alikuwa na homa. Nilitumwa kuchuma dawa kando ya kaburi la babu, nikaogopa, nikachuma majani yaliyofanana nayo nyuma ya choo. Nyanya akayachemsha. Desturi yake ilikuwa kunywa yeye kwanza, mgonjwa akimwona.

Alipiga funda moja, akanitazama.

“Umetoa wapi haya?”

“Pale pale kwa babu, Dani.”

Akaniamini, akanywa tena. Kikombe kikamponyoka, akaanguka, hakuinuka tena.

Leo mashine imemaliza kupima kama kuna sumu katika majani niliyoyachuma juzi nyuma ya choo kile kile. Karatasi ya majibu imelala kifudifudi mezani. Sijaigeuza.