Mungai na Sauti ya Kuazima

Mwaka ule watu wa Mutuini walianza kuchelewa kazini, na ilichukua muda kabla hawajagundua sababu. Mzee Mungai alikuwa ameacha kumgombeza ng'ombe wake.

Kwa miaka mingi, kabla hakujapambazuka, sauti yake ilitoka zizini ikavuka ua na mabati ya nyumba mpya za majirani za kupangisha: "Wewe Karembo! Simama vizuri! Kwani ni mimi nilikuoa?" Wapangaji waliamka wakinung'unika, wakabandika chai, wakawahi magari. Sasa Karembo alikamuliwa kimya. Kilichosikika ni maziwa yakigonga ndoo, basi.

Aliyeumizwa zaidi na ukimya huo ni Waithera, binti yake wa kwanza. Kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, alipewa jina la mama mzazi wa Mungai, na kwa hiyo baba yake hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Mami. Hata alipomchapa kwa kupoteza viatu vya shule, alisema kwanza, "Pole, Mami, lakini leo utanijua." Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kumjua mzee huyo kwa ndani: alijua akinyamaza kwa hasira, akinyamaza kwa njaa, na akinyamaza kwa kutafuta neno. Ukimya huu mpya hakuujua.

Mungai alikuwa na kipande cha shamba chenye napia, majani ya ng'ombe, na sukuma, lakini kilichompa jina ni kusema. Kijana wa Mutuini akitaka kuoa, wazee wake walimchukua Mungai kwenda naye kwa wakwe kwenye ruracio, siku ya kuzungumza mahari. Alisimama, akarekebisha koti lake la kahawia, akazungukazunguka na maneno, akataja mbuzi bila kutaja mbuzi, mpaka wakwe wakacheka na kupunguza. Aliporudi alipewa blanketi, au mguu wa mbuzi, au asante tu. Harambee za karo na za matibabu alisimamia yeye pia. Ilisemekana kwamba Mungai angeweza kumfanya bahili atoe na arudi nyumbani akijisifu.

Sauti ilianza kukwaruza msimu wa mvua. Wakasema ni vumbi. Wakasema ni baridi, wakampa asali na tangawizi. Kisha siku moja alisimama mbele ya wakwe wa watu huko Limuru, akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Daktari aliwaambia ni saratani, imekaa pale pale sauti inapotokea, lakini imewahiwa. Mionzi ingeweza kuimaliza, mradi mzee asiruke siku.

Hospitalini walimlaza, wakamfunika uso na shingo kwa plastiki laini yenye matundu, iliyotoka kwenye maji ya moto, wakaikandamiza mpaka ikashika sura yake na kugeuka ngumu. Kila asubuhi walimfunga nayo mezani asitikisike. Akimaliza, uso ule ulirudishwa rafuni pamoja na nyuso za wagonjwa wengine, jina lake limebandikwa kwenye paji.

Waithera alimpeleka kila siku, kisha akateremka kwa miguu hadi Hurlingham, kwenye saluni alikokuwa msusi. Alisuka akiwa amesimama mpaka jioni, huku wateja wakimsimulia safari zao na wanaume wao. Alikuwa ameweka akiba ya kukodi chumba Muthangari afungue saluni yake mwenyewe, na tayari alikuwa amechagua rangi ya kuta. Bima ilipofika mwisho matibabu yakiwa katikati, akiba ile iliingia hospitalini, na chumba kikachukuliwa na muuza miwani. Kaka yake, Muigai, alikuwa ametuma alichokuwa nacho mpaka duka la simu alikofanya kazi, mjini, likafungwa. Wakabaki na shamba na Karembo, vya kuuza.

Jumatatu moja Mungai hakuvaa koti.

"Baba, tunachelewa," Waithera alisema.

Akamnong'oneza. Kunong'ona ndiko kulikobaki. "Mami, wacha ng'ombe ikae. Wacha hii shamba ikae. Mmenipeleka ya kutosha."

"Basi tuite harambee."

"Isimamiwe na nani?"

"Si Mzee Kuria yuko?"

Mungai akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kuria? Kuria akiombea chai, inapoa na wageni wanalala."

"Baba, si wakati wa mchezo."

"Sichezi." Akageukia ukuta. "Mimi nimezoea kuombea watu. Kuombewa sijui. Nikae pale mbele kama gunia, mtu mwingine aniseme?"

Siku hiyo hawakwenda, wala kesho yake. Siku ya tatu Waithera alikwenda hospitalini peke yake, akamweleza Kasyoka, dada aliyekuwa akiendesha ile mashine ya mionzi. Kasyoka hakumhubiria.

"Mzee akikaa nje sana, huo ugonjwa unapata nafasi ya kupumua," alisema. "Siku mbili tatu tunaweza kufidia. Wiki zikipita, sikudanganyi. Mlete. Sura yake iko hapa inamngoja."

Waithera akaomba kuiona. Ilikuwa pale rafuni: pua ya baba yake, mashavu ya baba yake, na midomo imefungwa. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiwa amefunga mdomo namna ile, hata usingizini. Akatoka nje, akasimama kidogo kwenye jua, kisha akampigia Mzee Kuria, mwenyekiti wa ukoo, amwitie watu.

Jioni alimkuta Mungai kitandani.

"Umeniita Mami tangu nizaliwe," alimwambia. "Sasa mimi ni mama yako kweli. Jumamosi watu wanakuja. Utaoga, utavaa lile koti, utakaa mbele."

"Na nikikataa?"

"Ukatae mama yako? Jaribu nione."

Mabega ya Mungai yakatikisika. Alikuwa anacheka, ila bila sauti ilikuwa vigumu kujua.

Jumamosi hema lililowekwa uani lilijaa. Walikuja watu wa kanisa, wapangaji, na wanandoa ambao Mungai aliwasemea zamani, sasa wana watoto warefu kuwashinda. Karai la michango likawekwa juu ya meza. Mzee Kuria akashika kipaza sauti, na kwa kuwa miezi ile alikuwa amesimamia mazishi mengi kuliko harambee, ulimi wake ukafuata njia uliyoizoea.

"Wapendwa," alianza, "tulikuwa na mtu hapa Mutuini. Mungai alikuwa simba. Mungai alitupenda. Nani atatusemea tena?"

Mama mmoja akapangusa macho. Kuria akaona anafanya vizuri, akaongeza huzuni. Nyuma ya hema mtu akaanzisha ule wimbo wa kaburini, na wengine wakaudaka. Hakuna aliyekuwa akitazama karai. Mungai, aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka kwa Kuria, mzima, amenyoa ndevu, akainua fimbo yake akapiga meza. Karai likaruka.

Wimbo ukakatika. Akamwita Waithera kwa kidole, akamnong'oneza sikioni. Waithera akasitasita. Akanong'onezwa tena, kwa ukali. Akachukua kipaza sauti.

"Msichana, ngoja kwanza," mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema. "Wazee wako hapa. Hauwezi kumsemea mzee mbele ya wazee."

Waithera akainamisha sikio, kisha akainuka. "Anasema hakuna msichana hapa. Anasema mimi ni mama yake, na kati yenu hakuna aliyenizidi umri."

Kisha mzee yule akapiga goti lake kwa kofi. "Hapo ametuweza! Kaa chini, Kuria, mama ya mtu aongee!"

Mungai akanong'ona, Waithera akasema.

"Oloo, simama."

Oloo, fundi wa mawe aliyetoka Siaya akamwoa Shiku wa pale Mutuini, akasimama akijipangusa suruali. "Niko hapa, Mzee."

"Anauliza, siku ile kwa kina Shiku, wazee wako walipokwama na Kikuyu, nani aliwasemea?"

"Ni yeye."

"Wakwe waliomba nini?"

"Waliomba kila kitu, Mzee. Hata baiskeli yangu."

"Na ulirudi nyumbani na nini?"

Oloo akatazama chini. Watu walishaanza kucheka. "Na baiskeli."

"Basi anasema leo amekuja kuichukua."

Hema likalipuka. Oloo akaja mbele akicheka, akatia mkono mfukoni, akatoa. Mungai akachungulia karai, akanong'ona.

"Anauliza, hiyo ni ya gurudumu la mbele tu?"

Oloo akarudi mfukoni. Baada yake waliitwa wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja alikumbushwa mbuzi aliyepunguziwa, ndama aliyesahauliwa kwa makusudi, mkwe mkali aliyelainishwa. Walibishana kama kwenye ruracio, isipokuwa safari hii Mungai alikuwa anapandisha. Hata mwenyekiti hakupona. "Mzee Kuria, anasema amekusamehe kwa kumzika. Lakini shimo umeshachimba, na kulifukia kuna bei yake." Kuria akalipa huku amejificha uso kwa kofia.

Walipokuwa wakikaribia mwisho, Waithera aligundua kwamba sikio lake halikuwa limesikia kitu kwa muda. Akageuka. Mungai alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho, ametulia kama mtu anayesikiliza redio. Maneno yale ya mwisho yalikuwa ya Waithera mwenyewe. Akafungua jicho moja. "Endelea, Mami," akanong'ona. "Yule wa koti la kijani bado."

Jumatatu Mungai alivaa koti kabla ya kuitwa. Kilichopatikana kilimaliza matibabu, na Karembo akabaki zizini. Siku ya mwisho Kasyoka alimkabidhi ule uso wa plastiki aende nao nyumbani. Mungai akautundika zizini. Karembo akaukataa kabisa, akapiga ndoo teke. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka uliopita, kukasikika kitu, kizito, kinachokwaruza, kama mlango wa bati: "Wewe! Simama vizuri!"

Mpangaji wa nyumba ya pili akafungua dirisha. "Mzee, umerudi?" akauliza kwa hasira, kisha akakaa hapo dirishani kwa muda mrefu.

Waithera bado anasuka Hurlingham na anaweka akiba upya. Mungai yuko Mutuini, anakamua ng'ombe wake mwenyewe, na huenda kliniki kila baada ya miezi mitatu.