Vipande Vyeusi kwenye Tangi la Kinyozi

Wiki tatu mfululizo nilikuta vipande vyeusi vikielea kwenye tangi langu la samaki, na nyumba ile tulikuwa tunaishi wawili tu. Mimi na mke wangu.

Mimi sikuviweka.

Nisikilizeni hadi mwisho, halafu mnitukane mkipenda.

Mimi ni fundi friji. Sebuleni nilikuwa na tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Taa, pampu, mabomba, vyote nilifunga kwa mkono wangu. Humo alikuwamo samaki mmoja, urefu wa kidole, macho yanazunguka kama ya kinyonga. Kazi yake ni kula mwani wa kijani unaoota kwenye mawe na vioo. Alikuwa ananyoa mawe kutwa nzima, tukamwita Kinyozi.

Mke wangu akirudi kazini anavuta kigoda, anakaa mbele yake. Kinyozi naye anaegemea jiwe, wanaangaliana.

"Huyu angalau ananisikiliza," alikuwa ananiambia. Mimi nacheka.

Siku namnunua, muuza samaki alinionya, mke wangu akiwa pembeni. "Bosi, kioo cha nyuma usikiguse. Acha kiote mwani, ndiyo sahani yake."

Mimi na uchafu wapi na wapi. Nilikuwa nakwangua vioo vyote vinne kila asubuhi kwa wembe. Wageni wanasifia, kichwa kinanivimba.

Ndipo vikaanza vile vipande. Na mwezi huohuo tulikuwa tumegombana, akidai nalijali tangi kuliko yeye. Nikajumlisha mambo. Kinyozi alikuwa mnene tu, lakini nikasema hii ni sumu ya polepole.

"Unaweka nini kwenye tangi?" nikamuuliza mke wangu.

Aliangalia chini. "Siweki kitu."

Mke wangu hajui kudanganya. Nilimwambia anayemwekea samaki sumu leo, kesho atamwekea mumewe kwenye chai. Alifungasha nguo kwenye begi moja, akaenda kwa dada yake.

Vipande vikakoma. Nikajiona mjanja.

Wiki ya pili Kinyozi akaanza kukonda. Tumbo likaingia ndani. Nikampa chakula cha punje, akakitema. Nikazidi kukwangua vioo nikidhani sumu imeganda humo. Siku ya kumi na tisa nikamkuta amelala ubavu nyuma ya jiwe.

Nilienda kwa muuza samaki nimefura.

"Afadhali umekuja wewe," akasema. "Shemeji hajaja kuchukua mwani mwezi huu."

"Mwani gani?"

Akaweka pakiti juu ya meza. Karatasi za mwani mkavu, nyeusi, nyembamba. Nilivitambua vile vipande palepale.

"Anabandika kipande kimoja kwenye kioo ukishatoka kwenda kazini. Alisema unakwangua mpaka samaki anakosa cha kula."

"Sasa kwa nini hakuniambia mimi?"

Akajifanya anapanga rafu. "Alisema ukiambiwa umekosea, unanuna wiki nzima. Akaona heri amlishe tu, yaishe."

Nilimpigia mke wangu nikiwa nimesimama palepale kwenye kaunta. Akapokea.

"Kinyozi amekufa?" akauliza kabla sijasema kitu.

"Umejuaje?"

"Kwani ulitegemea ale nini?"

Akakata. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, simu zangu hapokei.

Ndugu zangu, mtu wa nyumbani mwako akianza kutenda wema kwa kujificha, usihangaike kumtafutia kosa. Jiulize umemtisha kiasi gani mpaka anaogopa hata kukusaidia mbele ya macho yako.

Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nasafisha vioo.