Nilivyomzika Kombo Kabla ya Siku Yake

Mpaka leo nikipita Raskazone karibu na nyumba ile nageuza uso upande wa pili, maana fedheha niliyoipata pale barazani sijui hata niipe jina gani, lakini bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikia kwa shoga yangu Saumu, ambaye kila akiisimulia huiongezea chumvi.

Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu, wanawake watupu, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri katika nyumba hiyo ya Raskazone. Safari ile tulikuwa na riwaya ya mtu aitwaye Kombo, mwandishi wake Bi Rukia wa Pangani, na yeye mwenyewe alikubali kuja, basi tukaagana kila mtu asome mpaka ukurasa wa mia na ishirini, asivuke hapo, mwisho wa hadithi tutasomewa na mwandishi kwa mdomo wake. Wenzangu walikuwa na kitabu cha karatasi, Saumu alikuwa na nakala ya PDF kwenye simu, na mimi nilikuwa na kisomeo (kile kidude bapa cha kusomea vitabu, kaka yangu aliniletea kutoka Maskati, nami nikawa natembea nacho mkononi ili kila mtu akione). Kitabu changu kilikuwa cha EPUB. EPUB ni nini sikujua wala sikuuliza.

Nilichofanya ni kitu kidogo tu: nilipunguza maandishi. Nilichoka kugusagusa kioo kila mara ili kufunua ukurasa, nikayafanya madogo kama punje za ulezi, nikasoma mpaka mia na ishirini kama tulivyoagana. (Niliona hadithi inaelekea kuisha, nikasema moyoni huyu mama ana haraka gani, kumbe mwenye haraka ni mimi.)

Siku ikafika, visheti mezani, chai ya tangawizi, Bi Rukia kajaa kitini na tabasamu lake, na Bibi Mwanaidi, mkubwa wetu ambaye macho yamemwishia na husomewa na mjukuu wake, kakaa mbele kabisa. Nikamwamkia shikamoo, nikapokewa marahaba, nikaomba kusema wa kwanza.

"Bi Rukia," nikasema, "Kombo ulimuulia nini?"

Saumu akanitazama. "Kombo yupi kafa?"

"Wee Saumu, hujasoma! Ukurasa wa mia na kumi na nane."

Akafungua simu, akasoma kwa sauti: Kombo yuko sokoni, anabishana na muuza samaki juu ya changu wawili. Mzima wa afya. Wenye vitabu vya karatasi wakafunua, na wao Kombo wao yuko sokoni.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama. Nikawaambia simu ya Saumu mbovu, na nyinyi wengine mmefungua ovyo, ngojeni niwasomee, nikainua kisomeo changu na kuwasomea mazishi ya Kombo tangu jeneza linatoka mlangoni mpaka mchanga wa mwisho, kwa sauti ya kusikika barabarani, huku Bi Rukia ananipungia mkono nami nadhani ananisifu.

Nilipomaliza akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, hapo umebakiza kurasa chache kitabu kiishe. Hicho ndicho nilichokuja kuwasomea."

Bibi Mwanaidi akauliza polepole, "Kwa hiyo Kombo kafa?"

"Kafa, bibi," nikajibu. Ningesema nini?

Akajifunika uso kwa kanga. Nyuma yangu mtu akasema, "Astaghfirullah, huyu katuulia mtu mchana kweupe." Nilitaka kukimbia, wallahi viatu nilikuwa nimeshaviona, lakini nikajiambia nikitoka leo sirudi tena, basi nikakaa. Bi Rukia, Mungu ampe kheri, akasema, "Mmejua kafa, hamjajua kwa nini," akasoma, nami nikasikiliza mpaka mwisho huku masikio yananiwaka moto.

Nilipofika nyumbani Mabawa sikulia, nilikasirika. Nikaapa kidude hiki hakinishindi. Nikakuza maandishi: Kombo akahama kutoka mia na kumi na nane akaenda kufia kwenye mia tatu na kitu. Nikayapunguza, akarudi. Nikatafuta, nikasoma, nikauliza, mpaka nikaelewa kwamba EPUB haina kurasa zake, ni maneno yanayotiririka kujaza kioo, na kisomeo changu kila kioo kikijaa kinahesabu ukurasa mmoja. Visomeo vingine huhesabu herufi, zikitimia kiasi fulani ndio ukurasa, hata ukikuza maandishi vipi. Vingine hufuata namba za kitabu cha karatasi, ikiwa mchapishaji amezitia ndani. PDF yenyewe ni kama picha ya kurasa zilizochapwa, ndiyo maana Saumu alikuwa sawa na wenzake (na hilo hajaacha kunikumbusha).

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Nikasimama palepale, nikakuza na kupunguza mbele yao, nikaomba radhi, na tangu hapo kikundi kizima tunaagana kwa sura, hatutaji ukurasa. Mimi nimeapa: mtu akiniambia namba, kwanza namuuliza anasoma kwenye nini.

Bibi Mwanaidi alinishika mkono wakati wa kuagana. "Mwanangu," akasema, "wewe soma tu. Ila ukifika mbele, usituite."