Makala Yenye Uzito

Ilitangazwa rasmi, katika ukumbi wenye kiyoyozi unaotazama ziwa pale Capri Point, mbele ya wataalamu, viongozi wa dini na wawakilishi wa walimu wastaafu, kwamba makaa ya mawe hayana mustakabali wa muda mrefu katika ugavi wa umeme duniani. Kwa sasa bado yanazalisha kama theluthi ya umeme wote wa ulimwengu, alisema mtoa mada, lakini jua na upepo vinayasukuma kila mwaka, nchi zilizotangulia kuyachoma ndizo zinazotangulia kuyaacha, na kilichobaki ni kuyasindikiza kwa heshima. Washiriki walipiga makofi, wakapewa mikoba ya kitambaa, wakala kuku.

Mmoja wa waliopiga makofi alikuwa Mwalimu Mutayoba, mstaafu wa jiografia, mtu wa Kagera aliyejenga Ilemela. Alirudi nyumbani na mkoba wake na imani mpya. Juma lile lile alipiga marufuku mkaa jikoni kwake na kumnunulia mkewe jiko la umeme. Na juma lile lile, kalenda nayo haina huruma, akaletewa posa ya binti yake Celestina kwa niaba ya kijana anayechimba makaa ya mawe.

Aliyeileta posa hiyo aliitwa Shimba, na Shimba aliuza mkaa.

Aliuuza Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, kwa wakaanga dagaa, mama lishe na yeyote mwenye sufuria. Katika maisha yake mkaa ulikuwa umepigwa marufuku mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Kila aliyepewa ofisi alifika, akauhurumia msitu, akatoa muda wa mwisho, akapewa uhamisho. Shimba akabaki na magunia yake. Hakuwa na kinyongo na yeyote. Baadhi yao walikuwa wateja wazuri, wakituma dereva.

Nje ya mkaa alikuwa mshenga. Kazi hiyo hakuiomba. Watu walimwona anavyobembelezana na wanunuzi wakorofi bila kupandisha sauti, wakasema huyu ndiye wa kutumwa ukweni. Hajawahi kurudi na jibu baya. Lakini posa hii haikuwa kama nyingine. Kijana, Nathaniel, alikuwa mtoto wa marehemu Masele, aliyepakia na kupakua magunia pamoja na Shimba tangu wote wawili wakiwa na migongo iliyonyooka. Masele akiwa kitandani, sauti inamwishia, alisema neno moja la maana: mtoto huyu akitaka mke, utamsemea wewe. Kijana akaenda kusini, Ruvuma, akawa dereva wa mtambo wa kuchimba makaa ya mawe. Na mke aliyemtaka ni Celestina, muuguzi wa Sengerema, ambaye naye alimtaka.

Barua ya posa iliandikwa kwa busara. Ilisema kijana "yuko katika sekta ya nishati."

Mwalimu Mutayoba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamtazama Shimba, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na Dorotea, mama yake Nathaniel.

"Nishati ipi?"

"Hii inayotoa umeme, Mwalimu."

"Maji?"

"Si maji."

"Gesi? Jua?"

"Iko chini ya ardhi kidogo."

"Mafuta, basi."

"Ni ngumu ngumu hivi, Mwalimu."

"Makaa ya mawe," akasema Mwalimu, kwa sauti ya daktari aliyeupata uvimbe alioutafuta. Akageukia ukuta kana kwamba kuna ramani. Alieleza Ulaya inavyofunga vituo vyake. Alikiri kwamba Uchina na India bado zinajenga vipya, lakini alikiri kama mtu anayetaja ndugu walevi. Alisema kituo cha umeme kinajengwa kidumu miaka arobaini, na kwamba arobaini hiyo sasa haipo. "Makaa ndiyo hayo, makaa ndiyo yanayoondoka, na wewe unataka nimfunge mwanangu kwenye makaa! Kuna familia ya Muleba imeshaonyesha nia. Kijana wao, Muganyizi, anafunga sola."

"Baba, mimi siolewi na sola," sauti ya Celestina ikatoka nyuma ya pazia.

"Wewe hujaulizwa."

"Ndiyo maana nasema."

Mwalimu akasubiri pazia litulie. Dorotea alikuwa amekamata pindo la khanga yake kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Shimba alihisi jasho likimtembea mgongoni, na akamkumbuka Masele.

"Mimi ni mtu wa haki," akasema Mwalimu. "Sihukumu bila ushahidi. Mwambie kijana wako Jumamosi ijayo aniletee makala. Yenye uzito, si ya kuokoteza. Na chanzo chake kijulikane. Nikiridhika, tutaongea. Nisiporidhika, mkeka wenu mtautandika kwingine."

Hapa kuna jambo la lugha. Makala, kwa Kiswahili cha Mwalimu, ni maandishi ya kueleza hoja. Kwa Kisukuma cha Shimba, lugha aliyoota nayo meno, makala ni mkaa. Siku nyingine angeelewa. Redio yake hutangaza makala kila jioni na hajawahi kwenda kuzinunua. Lakini mtu anayeuza mkaa, akiwa ametoka jasho, mbele ya mkwe ambaye amesema makaa, makaa, tangu salamu, sikio lake hurudi nyumbani.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema Shimba. Dorotea, ambaye naye ni Msukuma, alikuwa amesikia hivyo hivyo.

Waliongea njiani, hadi Buzuruga stendi.

"Anatutukana," alisema Dorotea. "Kaukataza kwake, halafu sisi tumpelekee?"

"Au anatupima."

"Anatupima nini?"

"Kama tutamletea takataka. Hukumsikia? Yenye uzito, si ya kuokoteza. Huyo anaujua mkaa, shemeji. Na chanzo kijulikane, maana yake kibali. Mtu wa haki, kasema mwenyewe."

"Na tukikosea?"

Shimba akakaza mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe mshenga aliona waziwazi sura ya jibu baya: Celestina akipanda basi la Muleba, na yeye akilipita kaburi la Masele kwa kuzunguka.

Akampigia Nathaniel. Mtandao wa mgodini ulikuwa wa kukatika katika.

"Mwalimu anataka makala," Shimba akapaza sauti.

"Makala? Kutoka kwangu?" Kijana alishtuka kweli kweli. "Baba, mimi hayo siyawezi. Mimi najua mtambo tu."

"Anataka yenye uzito."

"Mungu wangu. Hapo huwezi kunitafutia mtu?"

"Usihofu. Nitayafuata mwenyewe."

"Ahsante, baba. Lakini yawe mazuri, sitaki Celestina aaibike."

Simu ikakatika. Wote wawili waliamini wameelewana, na huenda hiyo ndiyo sababu hawakupigiana tena.

Mkaa uliokuwa bandani ulikuwa wa kawaida, wa miti myepesi, unaowaka kwa pupa na kuisha. Shimba hakuuamini. Akapanda lori mwenyewe, akavuka daraja la Busisi, akaingia ndani ya Sengerema hadi kwa mpishi wa mkaa anayemfahamu, akachagua wa mti mgumu, kipande kwa kipande. Kwenye kizuizi cha maliasili, wakati wa kurudi, askari aliusoma waraka wa kibali mpaka muhuri.

"Unaupeleka wapi?"

"Ukweni."

Askari akamtazama, akatazama magunia. "Mzee, siku hizi watu wanapeleka friji."

"Huyu mkwe ni mtu wa aina yake."

Jumamosi walifika Ilemela na pikapu, Dorotea akiwa juu ya magunia, wanawake wa Kirumba wakipiga vigelegele kana kwamba jibu limeshatoka. Shimba alikuwa na koti.

Mwalimu alikuwa barazani, mezani, na miwani yake, kalamu nyekundu na glasi ya maji. Kando yake alikaa mama yake mzazi, Bibi Prudencia, aliyeletwa kutoka Bukoba kushuhudia. Ndani, mkewe, Modesta, alikuwa na shida yake: umeme ulikatika asubuhi, na maharage ya wageni yalikuwa ndani ya jiko jipya, hayajaiva, hayajakataa.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Makala yako wapi?"

Shimba akageuka, akaonyesha kwa mkono wote, kama inavyopasa. Vijana wa pikapu wakayashusha magunia moja moja, wakayapanga kwenye ngazi.

Mwalimu aliyatazama kwa muda mrefu. Vigelegele vikapungua, vikafa kimoja kimoja, mpigaji wa mwisho akajikohoza.

"Umeniletea nini?"

"Ulichoagiza, Mwalimu. Yana uzito. Ni ya mti mgumu, sikuokoteza. Na chanzo..." Akautoa mfukoni waraka wa kibali, akaufungua kwa mikono miwili. "Chanzo ni Sengerema."

Mwalimu hakuupokea. "Shimba. Umekuja kunidhihaki nyumbani kwangu, mbele ya mama yangu?"

"Mwalimu, wallahi sijui nimekosa wapi."

"Makala! Nilisema makala! Maandishi! Hoja! Hatima ya makaa ya mawe katika umeme wa dunia! Unaniletea mkaa wa dagaa!"

Palepale, kwa kuchelewa kwa juma zima, sikio la Shimba likarudi kutoka nyumbani, na akaelewa yote, hata sauti ya Nathaniel kwenye simu. Angeweza kusema ni utani. Watani wanasameheana mengi. Lakini Dorotea alikuwa nyuma yake, na hakuwa anacheka.

"Mwalimu," akasema, "nilisikia Kisukuma."

"Kisukuma kinasemaje?"

"Mkaa ni makala."

Mwalimu alikuwa amefungua mdomo, na kila mtu aliona kwamba kitakachotoka ndilo jibu, na kwamba jibu litakuwa fupi. Kikohozi kidogo cha mama yake kikamtangulia. Bibi Prudencia aliinama, akapitisha vidole kwenye mdomo wa gunia la karibu.

"Amakara," akasema Bibi, kwa lugha ya kwao Bukoba. Akageuka. "Wewe uliwaambia walete nini?"

"Makala, Mama. Lakini kwa maana ya..."

"Makara. Si ndiyo haya? Nyumbani tungesema nini kingine? Uliomba makara, umeletewa makara. Mwanangu, umesoma mpaka umesahau moto unaitwaje?"

"Mama, hili ni suala la kitaalamu."

"Basi ungeomba kitaalamu."

Mwalimu alikuwa amewasahihisha watoto wa watu Kiswahili maisha yake yote, na sasa kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe, haina pa kwenda. Akaiweka mezani.

"Sawa," akasema, na sauti yake haikuwa imelainika. "Lugha tumeimaliza. Swali langu halijajibiwa. Makaa ya mawe yakiisha, binti yangu atakula nini? Hilo nijibu kwa lugha yoyote."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kweli, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Shimba alilitafuta jibu usoni mwa Dorotea, akakuta machozi. Akalitafuta angani, akakuta mwewe wa Mwaloni.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Ya mawe siyajui. Wa miti nimeambiwa unaisha tangu nikiwa na nywele, lakini hilo si jibu. Siku moja watasema kweli. Pengine yataisha. Ila yule kijana hakuzaliwa makaa. Anaendesha mtambo. Mtambo haujui unachimba nini. Yakiisha atachimba mfereji, atachimba msingi, akikosa atakuja kubeba magunia kwangu kama baba yake. Sikuja kuyaposea makaa, Mwalimu. Nimekuja kumposea mtoto wa Masele."

Mwalimu aliitazama meza. Shimba alihesabu, bila kutaka, nyumba zote alizowahi kutumwa, akaona hii inakwenda kuwa ya kwanza kumkatalia.

Ndipo harufu ikafika. Ilizunguka nyumba kutoka uani, taratibu, harufu ya mkaa wa mti mgumu ukishika.

Mwalimu akainua kichwa. "Nini hicho?"

Modesta akatokea mlangoni na kipepeo cha moto mkononi, paji la uso lina masizi. Kumbe gunia la mwisho kwenye ngazi halikuwa tena kwenye ngazi.

"Maharage, Baba Celestina. Ungetaka wageni wale mabichi?"

"Modesta! Vitu vya posa! Sijavipokea!"

"Mimi nimevipokea. Vimeshashika moto. Unajua utaratibu wa kurudisha mkaa uliokwisha kuwaka? Niambie niufuate." Akagonga vipande viwili alivyobaki navyo, vikalia kama kengele. "Halafu ni mkaa hasa. Huyu aliyeuchagua hakutufanyia mzaha."

Nyuma ya pazia Celestina alicheka, akajiziba mdomo, akachelewa.

Mwalimu Mutayoba alivaa miwani, akaivua. Alimtazama mama yake, mkewe, moshi. Kisha akanyoosha mkono, akaupokea waraka wa kibali, akausoma wote kuanzia juu, na mwisho, kwa mazoea, akaweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu.

"Tumepokea," akasema. "Lakini andiko bado namdai kijana."

Dorotea alikaa chini pale pale kwenye ngazi, kati ya magunia, akalia vizuri. Vigelegele vilirudi. Maharage yaliiva. Mwalimu alikula sahani mbili, na alipomaliza alimfafanulia Shimba, kwa kirefu, jinsi makaa ya mawe yalivyo katika siku zake za mwisho; Shimba akaitikia kila kituo, kama mkwe.

Walipompigia Nathaniel kumpa habari, hakupokea. Jioni alituma ujumbe wa shukrani na kuomba radhi: alikuwa kazini, na likizo ya harusi itabidi isubiri kwanza, kwa sababu oda za ng'ambo zimeongezeka na mgodini wameanza zamu ya tatu.