Sauti ya Mzee Honi Kwenye Kwaya

Binti wa marehemu alibisha hodi ofisini kwa mchungaji Alhamisi asubuhi, bado amevaa sare zake za unesi. Hakutaka kuketi. Alileta ujumbe mmoja tu kutoka kwa mama yake, na mama yake si mtu ambaye ujumbe wake hujadiliwa.

"Mama anasema Jumamosi uzungumze wewe, si mtu mwingine. Na anasema usimfanye baba malaika. Ukimfanya malaika, watu watadhani wamekosea mazishi."

Mchungaji alicheka kabla hajaweza kujizuia. Akaona haya. Kisha akaona binti naye anacheka huku anafuta machozi kwa kiganja, basi wakacheka pamoja, wafiwa wawili wamesimama mlangoni.

Alipobaki peke yake alichukua karatasi na kuandika: Marehemu alikuwa mcha Mungu. Akaisoma, akaikata. Haikuwa uongo, ila sentensi ile ingeweza kuvishwa mtu yeyote, na marehemu hakuwa mtu yeyote. Alikuwa fundi bomba, na kanisa zima lilimwita Mzee Honi.

Walikutana miaka ishirini na miwili nyuma, siku ya kwanza kabisa mchungaji kufika pale. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, kavaa suti mpya, kajipanga kusalimiana na wazee wa kanisa kwa heshima zote. Akafungua mlango wa kile chumba kidogo cha kubadilishia majoho, akakuta miguu miwili imechomoza chini ya sinki.

"Nipe spana namba kumi na saba," miguu ikasema.

Mchungaji akapekua kwenye boksi la vifaa, akapitisha spana chini.

"Hii kumi na nne. Wewe nani?"

"Mimi ni mchungaji mpya."

Kisha mkono ukatokea, umelowa mpaka kwenye kiwiko. "Karibu sana, mchungaji mpya. Kumi na saba ni ile ndefu kidogo."

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, mmoja kalala chali, mwingine kapiga magoti kwenye maji na suti yake mpya.

Mchungaji hakuchukua muda kugundua kwamba kanisa lile lilikuwa na milango minne na mwenye kuifungua yote alikuwa Mzee Honi. Jumapili alifika wa kwanza, akafuta viti, akakagua mabomba, ndipo akaenda nyumbani kubadilisha nguo na kurudi na mkewe. Akisikia kuna mgonjwa, alikwenda. Aliomba kwa ufupi, kisha akauliza jikoni ni wapi, maana hakuwahi kutoka nyumba ya mgonjwa bila kukaza koki. Wagonjwa wawili watatu walikiri kwamba maombi yaliwafariji, lakini kilichowapa usingizi hasa ni lile bomba kunyamaza.

Jumatatu ilikuwa siku yao ya chai. Walikaa kwenye karakana ya Mzee Honi, chumba chembamba chenye mabomba yaliyosimamishwa ukutani kwa urefu kama wanafunzi mstarini, na hapo mchungaji alipewa ripoti ya mahubiri yake.

"Jana ulitua mara tatu," Mzee Honi angesema akipuliza chai. "Kila ukisema 'kwa kumalizia', mimi navaa koti. Nimevaa, nimevua, nimevaa. Mke wangu akaniuliza kama nina homa."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumwambia hivyo. Mchungaji alirudi nyumbani akiwa amenuna, na Jumapili iliyofuata alitua mara moja.

Sasa, jina la Honi. Hilo lilitoka kwenye kwaya. Mzee Honi aliimba besi, au tuseme aliimba kitu kilichokuwa jirani na besi. Alisimama safu ya nyuma, akafumbua kinywa mpaka magego yakaonekana, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya lori linaloomba njia. Alikuwa na mapenzi ya wimbo, hilo hakuna aliyelipinga. Noti ndizo hazikumtaka.

Aliyeumia zaidi ni mwalimu wa kwaya, bwana mmoja mwembamba aliyefundisha hesabu kwenye sekondari siku za wiki. Noti iliyopinda ilimuuma kama jino bovu. Tangu akabidhiwe kwaya alivumilia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa nne kukawa na mpango wa kwaya za sharika saba kukusanyika na kuimba mbele ya umati, na hapo uvumilivu ukamwishia.

"Mchungaji," alisema, "nampenda yule mzee kuliko hata wajomba zangu. Lakini ama yeye, ama mimi."

Mchungaji akapiga moyo konde, akaenda karakana. Alirudi na koki mpya ya bafuni chini ya kwapa, neno lenyewe hajalitamka. Wiki ya pili akaenda tena. Wakaongea mambo ya dunia mpaka chai ikaisha, akaaga. Mke wa mchungaji alimtazama tu anavyovua viatu, akatikisa kichwa. "Moyo wa kuhubiri mbele ya watu mia nne unao, wa kumwambia mtu mmoja huna?"

Safari ya tatu alilitema neno akiwa bado mlangoni, kabla ya kukaribishwa kiti.

"Mzee wangu, ni kuhusu kuimba kwako."

Mzee Honi aliweka chini bomba alilokuwa anakata, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Naimba vibaya," alisema. "Najua."

"Unajua?"

"Mchungaji, mimi masikio yangu mazima. Mwenye shida ya masikio ni mke wangu."

Hilo lilijulikana. Mkewe aliugua homa kali binti yao akiwa na miaka sita, na homa ilipoondoka iliondoka na usikivu wake wote. Alielewa watu kwa kuwatazama midomo. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele upande wa kushoto, na kwaya ikisimama, macho yake hayakubanduka kwa mumewe. Mchungaji alikuwa akiwaona kutoka madhabahuni na kufurahi moyoni. Alidhani ni mapenzi tu. Kumbe ilikuwa kusoma.

"Yule ndiye aliyekuwa mwimbaji," Mzee Honi alieleza. "Mimi nilimkutia kwenye kwaya nilipokwenda kuziba bomba la kanisa. Baada ya ugonjwa akagoma kuja ibadani. Akaniambia, nije kutazama samaki wanaofungua na kufunga midomo? Na kweli, nikaiangalia ile kwaya. Wanaimba midomo nusu, kama watu walioficha pipi. Hapati hata neno. Ndipo nikaingia mimi. Nafumbua ili asome. Sasa kinywa kikifunguka kiasi kile, na sauti nayo hutoka kiasi kile kile. Sina koki ya kuipunguza."

Mchungaji alikaa chini bila kukaribishwa.

Alipomsimulia mwalimu wa kwaya, yule bwana alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Miaka minne namkunjia uso," alisema. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ina majibu. Baada ya kufikiri akapendekeza: mzee aendelee kufumbua kinywa vilevile, ila sauti asitoe. Mama atasoma, kwaya itapona, hakuna atakayeumia.

"Hilo tu?" Mzee Honi alisema alipoambiwa. "Mngesema mapema!"

Jumapili ile kwaya iliimba kama haijawahi kuimba. Ubeti wa kwanza ulipita laini kabisa, na uso wa mwalimu wa kwaya ukang'aa kama wa mtu aliyepata mtoto. Safu ya nyuma, Mzee Honi alikuwa anafumbua na kufumba, meno yote nje, kimya kama maji ya mtungini.

Katikati ya ubeti wa pili, mkewe akasimama.

Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, hakuwa na kipimo chake, na alichosema kilisikika mpaka barabarani. "Mume wangu! Leo huimbi!"

Kwaya ikakatika.

"Unachezesha mdomo tu! Shingo yako haina mishipa. Wimbo huu siku zote mishipa inakusimama mpaka naogopa. Unamdanganya nani?"

Mzee Honi akamtazama mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama Biblia yake. Akashuka madhabahuni, akasimama mbele ya yule mama ili aone midomo yake vizuri.

"Mama, kosa si lake. Ni letu sisi wawili. Tulimwomba asitoe sauti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu," mchungaji alisema taratibu, neno moja moja, "anaimba vibaya."

Mama alimkazia macho. Akageuka kwa mumewe, ambaye aliinua mabega kukiri. Akageuka kwa waumini. "Miaka yote hii? Vibaya kiasi gani?"

Mtu mmoja wa nyuma kabisa alishindwa kujizuia, akasimama, akapanua mikono yote miwili hadi mwisho, kama anayepima urefu wa kitanda.

Yule mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia benchi, mpaka kilemba kikamlegea, na Mzee Honi kule nyuma naye akaangua kicheko, na kikasambaa kanisa zima, benchi kwa benchi. Wenye watoto wachanga waliwaacha walie tu. Mama alipopata pumzi, akaketi, akatengeneza kilemba chake.

"Basi aimbe," alisema. "Mimi hanisumbui."

Mwalimu wa kwaya, na hapa anastahili sifa, aliondoka pale na wazo. Mazoezi ya wiki ile aliwagawia wanakwaya pamba, wakaziba masikio, akawasimamisha wawili wawili uso kwa uso. Mmoja aimbe, mwenzake asome mdomo. Neno lisiposomeka, rudia. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. Mshonaji mmoja aliapa kwamba mdomoni mwa mwenzake kasoma jina la dawa ya mswaki. Baada ya wiki nane kila mtu alikuwa anafumbua kinywa kama Mzee Honi. Na Mzee Honi mwenyewe alihamishiwa katikati ya mabesi wawili wenye vifua vipana, akazibwa kwa ustadi ambao hata yeye, kama fundi, aliusifu.

Siku ya sharika saba hawakushika nafasi ya kwanza, kwa kuwa hayakuwa mashindano. Lakini bibi mmoja mgeni alimfuata mwalimu wa kwaya akamwambia kwamba wimbo ule ameusikia tangu utoto, na ile ndiyo siku aliyoelewa unasema nini. Mwalimu alirudia habari hiyo mwaka mzima. Taarifa zilisambaa, na watu wenye shida ya kusikia wakaanza kuja mmoja mmoja: fundi saa mstaafu, dada mmoja msusi, mzee aliyefanya kazi kwenye mashine za kusaga mpaka masikio yakachoka. Benchi la mbele kushoto likajaa. Ikabidi liongezwe la pili.

Miaka ikaenda. Mchungaji alipolazwa miezi miwili kwa ugonjwa wa mapafu, Mzee Honi alifika kila siku, akaketi karibu na kitanda na kofia yake gotini. Sala yake ilikuwa ileile. "Bwana, huyu tunamhitaji, hata kama anahubiri kirefu. Amina." Mchungaji alikuwa ameombewa na maaskofu, lakini ile ndiyo aliyoisubiri.

Haya yote aliyasema Jumamosi. Hakuweka karatasi mbele yake. Alishuka kutoka madhabahuni, akasimama karibu na benchi la mbele ili mjane aone kila neno, akasimulia miguu chini ya sinki, koti lililovaliwa na kuvuliwa, na ile Jumapili ya mishipa ya shingo. Wageni kutoka mbali walishangaa kusikia watu wanavunjika mbavu mbele ya jeneza. Mjane aliitikia kwa kichwa kila mahali palipokuwa kweli, na mahali pamoja alinyoosha kidole kumkatiza. "Hapo umetia chumvi. Alifika kila siku isipokuwa Jumanne. Jumanne alikuwa na kazi."

"Isipokuwa Jumanne," mchungaji akasahihisha.

Kwaya iliposimama kuimba, kati ya wale mabesi wawili paliachwa pengo la mtu mmoja. Mjane aliliangalia. Akampa binti yake mkoba, akainuka, akapanda ngazi mbili, akapita katikati ya wanakwaya na kujipenyeza mahali pale. Hakuwa ameimba mbele za watu kwa miaka thelathini.

Aliimba. Sauti ilikuwa kubwa, ya wazi, na iko mbali kabisa na wimbo. Maneno yote yalikuwa sahihi. Mwalimu wa kwaya alisimamisha mkono hewani, akainamisha kichwa, akamsikiliza kwa makini apate kujua yuko wapi. Kisha akawapa ishara wenzake wamfuate huko huko. Hawakumfikia, ila walimkaribia, na kufika ubeti wa mwisho kanisa zima lilikuwa limesimama.

Wiki iliyofuata, siku ya mazoezi, mama yule alifika robo saa kabla ya wote, na daftari jipya la nyimbo mkononi. Mwalimu wa kwaya alikuwa tayari amemwekea kiti.