Mama Tanuru na Unga Ulionenepa

Katika karakana ile ya vyungu vya kuyeyushia chuma, wasomi walikuwa na mashine ya kutafuta nyufa, na Mama Tanuru alikuwa na ukucha. Anagonga, anasikiliza, anatikisa kichwa. Mashine ikifika baadaye, kazi yake ni kukubali tu. Miaka kumi na tisa alichoma vyungu pale, na wale waliomwita hivyo kwa utani waliishia kuliandika jina hilo kwenye ratiba ya zamu.

Sasa usidhani ni vyungu vya kuchemshia maharage. Ni vya zirkonia, unga mweupe wenye tabia zake. Motoni hukaa kwa adabu kama mkwe mpya. Ukianza kupoa, fuwele zake hubadili mkao, huvimba, na chungu hupasuka. Mgeni anakula kimya, kisha akiaga anavunja sahani! Dawa yake ni itria, unga mwingine, kidogo tu lakini kamili. Huo ndio unaozishika fuwele zisigeuke. Ukiupunja, imekula kwako.

Mwaka huo akaletwa mkuu mpya wa karakana, na kwa mambo ya Mungu, ndiye mume wa binti yake. Kijana ana shahada, na ana haraka. Akamkuta mama mkwe anakaanga itria saa nzima kabla ya kuipima.

"Mama, kopo limeandikwa safi. Unakaanga nini, karanga?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, baba."

"Basi tuache. Tunachoma umeme bure."

Akaacha. Mkwe hafokewi mbele ya watu. Zikaingia wiki za mvua. Mchomo wa kwanza ukatoa vyungu ishirini, vyote vina nyufa. Wa pili hivyo hivyo. Ukisogea unavisikia vinalia ta, ta, kama vidole vya mvivu anapojinyoosha. Mkwe akakagua joto, akakagua zirkonia, mwisho akamkagua mama. Barua ikatoka: mchomo wa tatu ukiharibika, ahamie chumba cha kufungasha.

Kufunga maboksi, yeye! Binti akapiga simu analia.

"Lia ukishamaliza kupika," mama akamwambia. "Mumeo simgombezi. Nitampa kazi."

Asubuhi akaingia ofisini na mzani mkononi. "Baba, macho yangu yamechoka. Nipimie itria, gramu mia."

Mkwe akapima. Mama akaichukua, akaikaanga saa yake, akaipoza ndani ya chupa iliyofungwa, akarudi nayo. "Nipimie tena."

Gramu tisini na moja. Mkwe akaugonga mzani. Mzani haukuona aibu.

"Nani kachota?"

"Hakuna. Hayo ni maji, imeyanywa hewani. Kopo liko wazi, mvua inanyesha, wewe unapima itria pamoja na mvua. Fuwele zinakosa wa kuzishika."

"Na siku zote ulijua, mama?"

"Nilijua kukaanga. Sababu nimeitafuta juzi, uliponiandikia barua."

Mchomo wa tatu waliufungua pamoja. Ukucha ukapita chungu kwa chungu: nging', nging', mpaka cha ishirini, hakuna ufa. Mkwe akakohoa kidogo, akaiomba ile barua.

"Nimeshaitumia, baba."

Ilikuwa ukutani, juu ya mzani, imebandikwa mgongo ukitazama watu. Kwa mwandiko wa miguu ya kuku: kaanga, poza, ndipo upime. Mkwe akasoma upande huo. Kuigeuza hakuthubutu.